Mti wa Tambori Hauungui

Haya, zimeni huo msumeno! Nyie wa tangini futeni mikono, na weye Amade uliyelala juu ya makuti, amka, hapa halali mtu mpaka mie nimalize. Leo natoka serviço, kazi basi. Wamenipa karatasi ya reforma, ya kustaafu, nzuri, ina muhuri, nimeigeuza mara tatu sijui kichwa kiko wapi. Shule mie nilipita nje yake tu, nikienda kutega ndege. Kwa hiyo anayeandika haya ni Aisha wa ofisini. Nimemwambia: andika ninavyosema, usininyooshe. Nikidanganya, kohoa. Mpaka hapa hajakohoa, lakini koo analisafisha.

Nani alipanda cheo, nani alilipwa nini, hayo kaulizeni ofisini. Mie nasema habari ya dawa yetu nyeupe ya kukinga miti, na habari ya aliyenifundisha, mestre Lukasi, Mmakonde wa kule juu, Mungu amrehemu. Na kuna uongo wangu mmoja katikati. Nimesema uongo mwingi duniani, nikiuweka kwenye magunia, lori la Mosimboa litakwenda safari mbili. Lakini huu mmoja umenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kwa sababu niliambiwa Lukasi kafa kwa uongo huo.

Siku ya kwanza nilifika hapa karakanani jogoo bado anatafuta sauti. Nikakuta magunia mawili wazi. Moja lina chembechembe kama chumvi, la pili lina kitu laini kinateleza vidoleni kama poda ya mtoto. Mkononi nilikuwa na muhogo wa kuchemsha, hauna chumvi. Mnajua nilichofanya. Mwanzo ladha tamutamu, halafu sabuni. Nilitapika, jamani, nikatapika cha jana, cha juzi, nikatapika na pilau ya harusi ya babu yangu. (Aisha, andika tu.) Lukasi katoka nyuma ya tangi na kopo la maji, kaninywesha, kanishika kichwa, kangoja nimalize, ndipo akauliza:

"Weye kabila gani?"

"Mtu wa Palma. Babu yangu Myao."

Kakaa chini kwa kucheka. "Basi mtani wangu! Ungekufa leo ningekuzika mdomo wazi, nzi wapate nyumba."

Nyie vijana mnausikia utani kwa mbali, mie niuseme. Wayao na Wamakonde ni watani. Mtani anakutukana, anachukua kofia yako anavaa, na huruhusiwi kununa. Ukifiwa anakuja msibani kukuchekesha, anaiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Mtani asiyekuja msibani anatozwa kuku. Na neno la utani halina kesi. Halishitakiwi kwa shehe, wala kwa padri, wala kwa serikali. Likumbukeni hilo.

Lukasi ndiye aliyenionyesha kwamba yale magunia ni ndugu wawili. Ile ya chembe ni boraksi. Inachimbwa kwenye maziwa yaliyokauka, mbali huko kwa Waturuki. Wanalichimba lile jiwe, wanaliyeyusha kwa maji moto, uchafu unakaa chini, maji yakipoa boraksi inaganda safi. Ile inayoteleza ni boriki, ndiyo hiyohiyo boraksi iliyopikwa na asidi. Kila mmoja peke yake mvivu. Ukiitia boraksi peke yake majini inakaa chini inakutazama. Boriki nayo vilevile. Watie pamoja, boraksi vipimo sita, boriki vinne, maji ya vuguvugu, koroga: wanayeyuka wote, maji yanabaki meupe kama hujatia kitu. Lukasi alikuwa akisema, "Kama mie na weye. Kila mmoja peke yake hafai."

Halafu mti ukiwa mwanzi unautoboa vifundo vyote kwa nondo ndefu, dawa ipite mpaka ndani. Usipotoboa umeuogesha tu. Unaulaza kwenye tambori, lile pipa la chuma, au tangini siku saba. Si sita! Kisha unausimamisha kivulini wiki mbili, dawa itembee yenyewe polepole mpaka kwenye kiini. Bungua, mdudu mla mbao, akija, anauma mara moja, anaaga ndugu zake. Mchwa vilevile. Mtu ukishika haikudhuru, ila usile. Mie nimewalia nyote, hakuna haja ya kurudia.

Kujua kama dawa imeingia, Lukasi hakuwa na mashine. Alinituma nyumbani kwa mke wangu nikaibe manjano ya jikoni. Kayaloweka kwenye spiriti, katia matone mawili ya maji ya betri, kakata mwanzi, kapaka kwenye mkato. Mwanzi usio na dawa ukabaki njano. Wenye dawa ukageuka mwekundu, kama umeona haya. Mke wangu alipika mchuzi mweupe wiki nzima, akidhani kuna mwizi wa manjano mtaani. Alikuwa sahihi, ila mwizi alikuwa analala naye.

Kesi ngumu tumeziona. Kuna mwenye nyumba za wageni, simtaji, tulimpelekea nguzo mia na ushee, zimeiva vizuri. Fundi wake kazilaza nje. Mvua ikanyesha siku nne. Dawa hii, wanangu, haiogopi mdudu ila inaogopa mvua. Maji ndiyo yameiingiza, maji hayohayo yanaitoa. Baada ya miezi watu wakila mle ndani, unga wa bungua unawadondokea kwenye chai. Yule bwana kaja hapa amevimba. Mie nikafungua mdomo nimtetee Lukasi kwa uongo mzuri sana, nilikuwa nimeshauandaa. Lukasi kanikanyaga mguu. Kamwambia, "Bwana, dawa imeoshwa na mvua. Kosa ni la fundi wako, lakini mie nilipaswa kumwambia, sikumwambia. Zirudishe." Tukazirudisha zote, tukazikausha, tukazichovya upya siku saba. Toka hapo kila lori linalotoka hapa Lukasi alipanda mwenyewe kwenda kuwaambia mafundi: juu ya msingi, chini ya paa, la sivyo msinililie.

Huko kwenye lori ndiko alikovunjika mguu. Njia ya Kionga ina mashimo, mengine nadhani yanatokea upande wa pili wa dunia. Lori likayumba, boriti zikashuka, mguu ukawa chini. Ukaunga vibaya. Toka siku ile akawa anachechemea na fimbo, na mie mtani wake nikapata kazi mpya ya kumwiga. Nilikuwa namwiga vizuri mpaka siku moja mkewe Kristina kasikia hatua zangu nyuma yake, kanimiminia chai akidhani ni mumewe, kisha kageuka: "Ah, ni weye, mshenzi."

Mwaka mmoja barabara ilifungwa, boriki haikufika, boraksi tunayo tele. Patrão, mwenye karakana, kasema tufunge. Lukasi kasema, "Tufunge, na boriki yumo humo ndani ya mwenzie?" Kachemsha boraksi kwenye maji, kanunua asidi mpya ya betri. Si ile ya betri kuukuu, ile ina sumu ya madini. Kaitia tone kwa tone, uso ameugeuza pembeni, kisha kaacha sufuria ipoe kivulini. Asubuhi nikafunua kifuniko. Magamba! Magamba meupe, yanang'aa, sufuria nzima, kama mtu kaparua changu kumi. Tukachuja kwa shuka, tukayaosha kwa maji baridi, tukayaanika. Hiyo ndiyo boriki. Habari zikasambaa. Sonara akaja na kopo lake kuomba boraksi, maana bila boraksi fedha haishikani. Fundi wa baiskeli naye kaja, anayeunga fremu kwa shaba. Wanawake wakaja kuomba boriki wachanganye na sukari wawaue mende. Nesi mzee kasema zamani hospitali walioshea macho maji ya boriki, lakini iliyo safi, iliyopimwa. Akatutazama mikono yetu, akaondoka.

Sasa uongo wenyewe.

Wateja wakija, kazi ya kusema ilikuwa yangu. Lukasi alikuwa na mikono, mie nina mdomo. Nilikuwa nachukua kuti lililochovywa na kuti kavu, nawasha yote mawili. Kavu linawaka, puu! Lililochovywa linakuwa jeusi, ukiondoa moto linazimika. Hiyo kweli, mmeiona. Lakini mie mnanijua, kweli peke yake kwangu haina chumvi. Nikawa nasema: "Mti wa tambori hauungui! Ukiuwasha unakuomba maji ya kunywa! Choma nyumba yote, utakuta sahani ukutani na chai bado ya moto!" Watu wanacheka, wananunua. Lukasi pembeni anatikisa kichwa. "Mtani," ananiambia, "mti ni mti. Unachelewa kuungua. Kuchelewa si kukataa." Kesho yake nasema vilevile. Miaka na miaka nimesema.

Lukasi akajenga nyumba yake Kionga, karibu na kwao Kristina. Kila nguzo kaichovya mwenyewe, kila pau, mpaka makuti ya paa. Nilikwenda kuingia nyumba mpya, nikapiga nguzo kofi mbele ya wageni wote: "Nyumba hii moto ukija utabisha hodi, utakosa mtu wa kuufungulia!" Wakacheka. Kristina kanitupia kijiko.

Halafu ikaja ile miaka ya vita, ya watu wa kuchoma vijiji. Nyote mnaijua, sina haja. Sote hapa tulikimbia, kila mtu na njia yake. Mie nilikimbilia Pemba na wanangu. Nilikaa huko kwenye turubai nikiwasimulia watu uongo ili walale. Siku moja akatokea mama mmoja muuza dagaa, alikuwa amevuka mto wa mpaka pale Namoto kwenda ng'ambo pamoja na Kristina, kisha kaja Pemba kwa dada yake. Kanitazama. "Weye ndiye Saidi wa miti?"

"Ndiye mie."

"Pole na mwenzako Lukasi."

Kanisimulia alivyosimuliwa na Kristina mwenyewe, pale wanapongoja mtumbwi. Siku watu wa kuchoma walipofika Kionga, Kristina alimwambia mumewe, nakubeba. Lukasi kamwambia, "Unibebe mie, na wajukuu wawili, una migongo mingapi? Nenda. Mie nakaa humu ndani." Kristina akakataa, akakaa chini mlangoni. Ndipo Lukasi kaipiga nguzo kofi, kasema: "Hukumsikia Saidi? Mti wa tambori hauungui. Nenda uvuke. Ukirudi utanikuta nakunywa chai." Kristina akasimama, akawashika wajukuu, akaenda. Habari kwamba nyumba imechomwa na mwenyewe yumo ndani ziliwakuta ng'ambo.

Usiku ule watu wa turubai walikuja kusikiliza uongo wao wa kulalia. Nikawaambia, leo laleni wenyewe.

Tuliporudi, nilikwenda Kionga peke yangu, kabla Kristina hajarudi. Paa hakuna. Kuta za udongo zimeanguka. Nguzo zimesimama zote, nyeusi, kama watu wanaongoja kitu. Nikachukua kisu nikakwangua moja. Ndani bado mbao nzima. Kazi nzuri. Kazi ya siku saba, si sita. Majirani wakanionyesha alipozikwa, nyuma ya nyumba, walimzika wao waliorudi mwanzo. Nikakaa hapo. Nikajiuliza: Lukasi alijua kuliko mie, mbona aseme vile? Nikajijibu mwenyewe: uongo nao unachovywa. Nimemchovya mwenzangu miaka yote ile, kila siku, mpaka ukaingia kwenye kiini. Siku ile mguu mbovu, moyo una hofu, akaamini. Nikasema, Saidi, umemuua mtani wako kwa mdomo.

Karakana ikafunguliwa tena, nikarudi kazini, mmenikuta hapa. Mlikuwa mnauliza kwa nini nikiwasha makuti sisemi kitu. Patrão naye aliuliza: "Saidi, zamani ulikuwa redio." Nikamwambia redio imeisha betri. Hiyo ndiyo sababu.

Na Kristina nikamkimbia. Alirudi Kionga, akaanza kujenga kibanda. Nikipelekwa na lori upande ule nasema naumwa. Siku moja nilimwona sokoni hapa Palma, nikajificha nyuma ya mwanamke mnene. Mwanamke akadhani nataka mkoba wake, nusura nipigwe na soko zima. Ningekwenda kumwambia nini? Nisamehe? Kusamehe ni kwa mwenye kesi, na nimewaambia, neno la utani halina kesi. Akinishitaki, watu watamwambia huyo ni mtani wako. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Nilitaka anitukane kwelikweli, tusi la kuumiza, na mila inamziba mdomo.

Mwisho kaleta salamu mwenyewe kwa dereva. Padri anakuja Kionga kusoma misa ya kumwombea marehemu, na baada ya misa kuna chakula. "Mwambieni mtani wetu, asipokuja namtoza kuku. Na asilete aliyekonda kama yeye."

Nikaenda. Mchana wa jua kali, watu wamekaa kwenye mikeka palepale uani, nguzo nyeusi zimewazunguka. Kristina amekaa katikati na kanga nyeusi, amepungua, mikono tu ndiyo ileile. Wazee wakasema, "Haya, mtani kafika. Tutembelee marehemu." Maana yake nimwige. Ndiyo kazi yangu, wamelipia kwa chakula.

Nikaokota fimbo. Nikainama, nikauvuta mguu, nikachechemea kuzunguka mikeka. Nikakohoa kikohozi chake. Nikashika ubavu wa bwana mmoja mnene, nikamkagua, nikasema kwa sauti yake: "Huyu hajatobolewa vifundo! Mrudisheni tambori!" Wakacheka, jamani, walicheka mpaka bibi mmoja akaegemea kwa mwenzie. Wajukuu wawili wakasimama wakachechemea nyuma yangu. Nikachechemea mpaka kwenye nguzo ya mlangoni. Nikainua mkono niipige kofi, kama alivyoipiga yeye.

Mkono haukushuka.

Nikabaki hivyo, mkono juu, na watu wanangoja kucheka. Nikageuka. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, wala sijui ilitoka wapi:

"Kristina, mti unaungua. Mie nilijua. Nilidanganya ili niuze boriti. Lukasi kaniamini, weye ukaniamini, ukaondoka ukamwacha. Kama nisingesema ungekaa naye, au ungembeba. Nitukane. Leo si utani, leo nitukane."

Padri ameshika kikombe, hanywi. Mzee mmoja akaanza, "Saidi, hapa si mahali pa..." Kristina kanyoosha mkono, mzee akanyamaza.

Kanitazama sana. Nikaona mdomo unamtetemeka, nikasema sasa linakuja, Alhamdulillahi. Kumbe mwanamke anazuia kicheko, na machozi yanamtoka hayohayo.

"Weye Saidi," karopoka, "kukuamini weye? Hata mkeo hakuamini! Lukasi alijua unaungua, na mie nilijua kwamba anajua. Hatukuwa na neno la kuagana, baba we, na uongo wako ndio uliokuwa karibu!"